Mihuri 312 ya Chama cha Benchi

Alhamisi, 3 Novemba

Leo tumeokota namba. Wagombea saba, viti vitano vya baraza la mji wa Dazhuo, na boksi moja lenye vipira. Nilivaa suti. Nilitumbukiza mkono kwa utulivu wa kiongozi. Nikatoa namba nne.

Ukumbi mzima ukaguna. Namba nne ni ya msiba, kwetu hutamkwa karibu kama kifo, hata hospitali zetu hazina ghorofa ya nne. Diwani Hsiao Ling-chu, aliyetukalia vipindi vitatu, akapata namba mbili, halafu akaja kunipa pole mbele ya waandishi wa habari, kanishika mkono kwa mikono miwili. Nikamwambia benchi lina miguu minne. Jibu zuri sana! Hakuna mwandishi aliyeliandika, kwa hiyo naliandika mwenyewe.

Kwa ajili ya historia: mimi ni Chuang Wen-tuan, mchonga mihuri, miaka sitini na moja, mwasisi na Mwenyekiti wa Taifa wa Chama cha Benchi. Sera yetu ni moja tu. Benchi lenye kivuli kila hatua mia, Taiwan nzima, tukianzia Dazhuo. Wanachama kumi na mmoja. Mmoja wao ni marehemu, hatujamfuta kwa heshima. Makao makuu ni chumba cha mbele cha nyumba yangu, ambamo pia nachonga mihuri wateja wakitokea.

Narudi nyumbani namkuta mke wangu Pi-yun na habari. Amenunua bamba la chuma la kukaangia chapati za mayai. Kubwa! Liko uani chini ya turubai. Alisema miaka tisa amevumilia chumba cha mbele kijae mabango na vipaza sauti, sasa basi. Uchaguzi uliopita nilipata kura 143, wa kabla yake 151. Safari hii nikifikisha mia tatu, niwe nimepata kiti au nimekosa, chumba ni cha chama maisha yangu yote. Nisipofikisha, tarehe mosi Desemba kinakuwa mgahawa wake wa staftahi, na chama kitahamia chini ya ngazi, kwenye mitungi ya gesi.

Nikakubali palepale. Kiongozi haogopi tarakimu. Ila kabla ya kulala nilikwenda kuupima uvungu wa ngazi.


Jumapili, 6 Novemba

Mazishi ya Mzee Tseng, muuza popoo. Hapa kwetu mwanasiasa asiyekwenda msibani ajihesabu hana kura. Diwani Hsiao hakosi msiba hata mmoja, na machozi yake huja kwa miadi. Mpango: nifike kabla yake, niongee kabla yake, nilie kabla yake.

Naibu wangu Liao Teng-fa alinipeleka na kigari chake cha kubebea mabomba, ambacho wakati wa kampeni ni gari la chama. Teng-fa ni mdogo wake Pi-yun. Ana ndoto za uenyekiti, zinaonekana usoni. Nilimwomba mwongoza shughuli anitaje kwa cheo kamili, akanitaja. Watu wakageuka kumtafuta huyo Mwenyekiti wa Taifa. Wakaniona mimi. Wakageukia mbele tena.

Nilipewa dakika moja ya salamu, nikatumia sita. Nilisema kwa uchungu kwamba marehemu angekuwa nasi leo laiti mji huu ungempa pa kukaa. Watu wakainamisha vichwa. Nikadhani nimewagusa. Kumbe! Mtoto wa marehemu akanijia akaninong'oneza sikioni kwamba baba yake amekufa akiwa ameketi kwenye benchi, mbele ya hekalu, akitazama wenzake wakicheza sataranji. Alicheka, akaegemea nyuma, na benchi halikuwa na egemeo.

"Na lile benchi, mjomba," akasema, "lilikuwa msaada wa chama chenu."

Ndipo Hsiao akaingia. Alilia tu, na mjane akamwegemea begani.

Sera imerekebishwa: benchi lenye kivuli na egemeo.


Jumanne, 8 Novemba

Leo zamu ya kipaza sauti. Kila mgombea wiki hizi hutangaza kwamba yuko hatarini kushindwa, hata yule anayeongoza, maana watu wa hapa hawampi kura aliyeshiba. Teng-fa akarekodi yetu kwa sauti ya kilio: "Namba nne yu hatarini! Hali yake mbaya! Jamani, mwokoeni!" Nikamsifu.

Gari likazimika mbele ya soko, saa saba mchana. Injini imekufa, kipaza sauti kinaendelea. Mimi niko nyuma, nimevaa mkanda wa mgombea, nimefumba macho kwa sababu ya jua na kwa sababu nilikuwa natafakari. Dakika kumi hivi "hali yake mbaya, mwokoeni." Mama mmoja muuza samaki akaita gari la wagonjwa.

Nilipinga! Wakaniambia wagonjwa wote hupinga. Presha yangu ilikuwa juu, jambo ambalo halikunisaidia. Zahanati nzima nilikutana nayo nikiwa nimelala chali. Diwani Hsiao akafika kabla ya Pi-yun, na kikapu cha mapera, akinisihi: "Kaka Chuang, afya kwanza, siasa zitakungoja." Picha yetu jioni hii imo tayari kwenye tovuti ya gazeti. Yeye katoka vizuri. Mimi nimefumba macho.

Teng-fa anasema angalau nimetokea gazetini. Anasema kwa furaha kupita kiasi.


Ijumaa, 11 Novemba

Mungu wa Mji hamtupi mja wake! Leo nimepata wazo ambalo litaingia vitabuni.

Bibi Yen, miaka themanini na tatu, alikuja dukani akihema. Muhuri wake wenye jina lake umepotea, ataendaje kupiga kura? Kituoni unaonyesha kitambulisho, unagonga muhuri wako kwenye daftari, ndipo unapewa karatasi. Kidole cha gumba nacho kinaruhusiwa, lakini wazee wetu wanaona hiyo ni aibu, kama kwenda hekaluni na kandambili. Alisema afadhali abaki nyumbani.

Nikamchongea mmoja wa mbao kwa robo saa. Nikakataa malipo. Akaufunga kwenye leso, akasema, "Mwanangu, kura yangu unayo."

Nilisimama katikati ya chumba kama niliyepigwa na umeme. Wazee wangapi mji huu wamepoteza mihuri? Mamia! Na mchonga mihuri aliyebaki Dazhuo ni nani? Mmoja tu, na ni mgombea. Sheria inaruhusu zawadi ndogo isiyozidi yuani thelathini. Kipande cha mbao hakifiki hapo. Nao mkono wangu ni wa bure!

Nimeongeza urembo. Chini ya kila jina nitachonga kibenchi kidogo. Kama ukucha wa mtoto, lakini ni benchi, lina egemeo.


Jumatatu, 14 Novemba

Foleni. Naandika tena: foleni. Nje ya makao makuu! Miaka tisa foleni pekee iliyowahi kupita hapa ni ya wanaokwenda kwa fundi pikipiki jirani.

Askari polisi alikuja kuchunguza kama nanunua kura. Akapima muhuri kwa rula, akauliza bei ya mbao, akanusa wino. Akaona hakuna kosa. Kisha akauliza kwa sauti ya chini kama naweza kumchongea mama yake.

Vidole vimetoka malengelenge na sijali. Wanakaa mbele yangu mmoja mmoja, wananitajia majina yao herufi kwa herufi, wananieleza habari za magoti yao. Ninawasikiliza. Nimefurahi kuliko siku ya harusi yangu, na naomba Pi-yun asisome ukurasa huu. Yeye mwenyewe amewatolea wanafoleni chai, bila kuombwa. Nilimwuliza kama ameanza kuogopa kupoteza mgahawa. Akasema anaogopa mzee mmoja atazimia mlangoni kwake.

Hadi leo mihuri themanini na saba. Haba na haba hujaza kibaba.


Alhamisi, 17 Novemba

Kipeperushi kimetoka kwa mpiga chapa. Kinafungwa pamoja na kila muhuri. Kilikuwa na mistari mitatu. Wa kwanza: Chukua muhuri wako, nenda kituoni. Wa pili: Gonga namba nne kwa nguvu zote. Wa tatu: Kumbuka, kwenye karatasi ya kura tumia chombo cha duara cha kugongea kilichomo kibandani, usitumie muhuri wako.

Tatizo likawa picha yangu. Teng-fa alisema nimetoka mdogo, nafanana na karani wa posta. Nilitazama na kweli. Kiongozi lazima aonekane mabega. Picha ikikua, mstari mmoja lazima uondoke. Tukaondoa wa tatu, maana ule kila mtu anaujua. Nchi hii imepiga kura miaka na miaka, nani hajui chombo cha duara?

Mabega yametoka vizuri sana.

Pi-yun alikisoma kipeperushi mara mbili akiwa anamenya vitunguu. Akauliza, "Na ule mstari mwingine umekwenda wapi?" Nikamwambia umekwenda mabegani. Akasema karatasi ya maelekezo ya serikali imebandikwa kila ukuta, chombo cha serikali peke yake ndicho halali, na ingefaa niisome. Nikamjibu kiongozi hasomi maelekezo, anayatoa. Akarudi kwenye vitunguu vyake.


Jumapili, 20 Novemba

Mgeni mkubwa. Diwani Hsiao mwenyewe, peke yake, bila mpiga picha! Nilijua foleni yangu imemtoa usingizini.

Akachukua muhuri mmoja mezani, akaugeuzageuza, akasifu kibenchi. Kisha akauliza kwa upole wa kinafiki, "Kaka Chuang, hawa wazee umewaeleza watautumia wapi huu muhuri?" Nikamtazama. Ananipeleleza! Anataka kujua mkakati wangu wa siku ya kura, vituo gani, watu gani. Nikamwambia wamepewa maelekezo yote yanayohitajika. Akasema, "Nauliza kwa sababu mama mkwe wangu anao mmoja, na jinsi anavyouzungumzia…" Nikamkatiza. Nikamwambia mambo ya ndani ya chama hayazungumzwi na washindani, nikamfungulia mlango.

Akasimama kizingitini akiwa na sura ya mtu mwenye neno kooni. Halafu akaangalia foleni, akafikiri kidogo, akatabasamu, akaenda zake bila kulisema.

Amevunjika moyo, nimemwona.

Mama mkwe wake anao mmoja! Ngome inabomoka kutoka jikoni.


Ijumaa, 25 Novemba

Siku ya mwisho ya kampeni. Fataki, ngoma, magari ya kila chama yakizunguka hekalu. Letu lilizimika mara mbili tu.

Nimefunga hesabu: mihuri 312. Kila mwenye muhuri ameniahidi kura yake mbele ya macho yangu. 312! Nikitoa hata wale kumi na mbili kwa ajili ya mafua na usahaulifu, inabaki mia tatu kamili. Nimeinua turubai uani nikaliangalia lile bamba la chuma. Nikalionea huruma. Nimemshauri Pi-yun aanze kutafuta mnunuzi. Alikuwa analipaka mafuta lisishike kutu.

Kusema kweli naogopa. Chumba hiki ndicho kitu pekee nilichowahi kukianzisha mimi. Nikikikosa nitakuwa mzee mwenye mihuri chini ya ngazi.


Jumamosi, 26 Novemba

Nitaandika yote kwa mpangilio.

Nilipiga kura mapema, shule ya msingi, kituo cha darasa la tatu. Nilitoa muhuri wangu wa pembe ya ng'ombe, nikagonga daftari, nikapewa karatasi, nikaingia kibandani kichwa juu. Wazee wangu walikuwa wamejaa uwanjani na mihuri yao mipya mikononi, wananipungia. Bibi Yen alinionyesha wake, akaniinulia kidole gumba. Nilibana machozi.

Saa kumi jioni milango ikafungwa, kura zikaanza kuhesabiwa palepale darasani, mbele ya watu. Mhesabu ananyanyua karatasi juu, anataja namba, mwenzake anaandika mistari ubaoni. Mimi na Teng-fa mstari wa mbele. Namba mbili. Namba mbili. Namba tano. Namba mbili. Kisha mhesabu akanyanyua karatasi moja akasita.

Katikati ya mraba wa namba nne, kwa wino mwekundu mzuri, jina kamili la Yen Chin-yeh, na chini yake kibenchi.

Mhesabu akasema, "Imeharibika."

Kosa la mzee mmoja, nikajisemea. Karatasi ya pili: muhuri wenye kibenchi. Imeharibika. Ya tatu: kibenchi. Ya nne, ya tano! Walikuwa wametumia mihuri yangu! Chombo cha duara hawakukigusa! Nilipiga kelele kwamba kila mtu anajua kile chombo, na mama mmoja nyuma yangu akasema yeye amesoma kipeperushi, kinasema chukua muhuri wako, gonga namba nne kwa nguvu zote, ndivyo alivyofanya, hadi kiwiko kinamuuma.

Halafu darasa likaanza kufurahi. Maana kila karatasi ilikuwa na jina! Siri ya kura iliisha pale pale. Mama mkwe wa Diwani Hsiao, watu wakashangilia. Fundi pikipiki, aliyeniapia anapigia namba sita. Mtunza hekalu. Muhuri wa pembe ya ng'ombe ukapanda juu, herufi za kale, kazi ya hali ya juu kabisa, na mimi nikauliza kwa sauti ni mpumbavu gani huyo mwenye muhuri mzuri hivyo. Teng-fa akasema, "Shemeji, ni wewe."

Ni kweli. Nilikuwa nimeushika mkononi tangu kwenye daftari. Sikumbuki hata nilivyougonga. Nakumbuka tu kwamba nilifurahi.

Kicheko hakijaisha, karatasi nyingine ikapanda. Muhuri wenye kibenchi, lakini kwenye mraba wa namba mbili. Mraba wa Hsiao! Imeharibika. Nikasoma jina. Liao Teng-fa. Kikulacho ki nguoni mwako! Nikamgeukia. Alikuwa anaangalia dari.

Muhuri wa Pi-yun sikuuona hata kwenye karatasi moja. Nimeutafuta hadi ya mwisho.

Mji mzima, kura zangu halali 97. Zilizoharibika, 266, hazijawahi kufika hapo tangu mji uundwe. Diwani Hsiao kaongoza wote.


Jumapili, 27 Novemba

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Lakini nani kasema nimeshindwa? 97 ukijumlisha 266 ni 363. Nilimwamsha Pi-yun kwa hesabu hiyo. Nimevuka mia tatu! Chumba ni changu!

Alisema tulikubaliana kura mia tatu, si mihuri mia tatu. Nikamwambia nia ya mpiga kura ndiyo kura. Akasema na nia ya mke ndiyo hii, akaenda kushika upande mmoja wa bamba la chuma, akaniambia nishike wa pili. Nikashika. Lilikuwa zito sana. Tuliliweka pale pale ilipokuwa meza yangu ya mikutano. Mabango nimeyakunja mwenyewe, mengine yana vumbi la miaka tisa, na nilikaa juu ya rundo lake kwa muda nikiwa sina la kufanya. Nilihuzunika, sifichi.

Mchana nikamwita Teng-fa kwenye kikao cha nidhamu, chini ya ngazi. Nilikuwa na barua ya kumfukuza. Akajitetea kwamba alijua fika muhuri unaharibu kura. Kwa hiyo aliugonga kwa Hsiao makusudi, ampunguzie kura moja. Sikuwa nimeliona hivyo. Kujitoa mhanga namna ile, kimya kimya, bila kutaka sifa! Nimempandisha cheo, sasa ni Naibu wa Kwanza. Wa pili hatuna.


Jumatatu, 28 Novemba

Desturi yetu, aliyeshinda na aliyeshindwa wote hupanda gari na kuzunguka kuwashukuru wapiga kura. Wengine hushukuru hewani: asanteni wote, asanteni nyote. Hawajui nani kawapa. Mimi ndiye mwanasiasa wa kwanza Taiwan mwenye orodha! Yale majina ya kituoni niliyaandika yote, 118, kwenye mkono wa shati. Nikapata wazo la kuwashukuru mmoja mmoja, kwa jina, mlangoni kwao, kwa kipaza sauti.

Tulianzia kwa fundi pikipiki. "Asante sana, ndugu Lai, kwa kumkataa namba sita na kunipa mimi!" Namba sita ni kaka yake. Tena alikuwepo, wanakunywa chai. Tuliondoka kwa kasi.

Kwa mtunza hekalu, ambaye mshahara wake unapitia kamati ya Hsiao, mlango ulifungwa kabla sijamaliza jina la ukoo. Mama Kuo alinirushia kandambili ya kushoto, tulipogeuza gari akarusha ya kulia. Mzee mmoja alitoka nje akatangaza kwa mtaa mzima kwamba muhuri ule aliibiwa. Kwa mama mkwe wa Hsiao nilipokelewa vizuri, akanipa balungi, akasema anangoja kwa hamu chakula cha mwaka mpya na mkwe wake.

Bibi Yen alilia. Alisema ameniponza kwa mkono wake mwenyewe, yeye na muhuri wake mpya. Nilishuka garini nikamshika mikono. Nikamwambia kosa si lake. Nilikuwa karibu kusema ni la nani, Teng-fa akapiga honi.

Jumla, wameshukuriwa 31. Waliobaki wametuma ujumbe kwamba hawahitaji.


Alhamisi, 1 Desemba

Mgahawa umefunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Foleni ilifika kwa fundi pikipiki, ndefu kuliko yangu ya mihuri. Wote wale walionifungia milango walikuja, mtunza hekalu, Mama Kuo na kandambili zake zote mbili, wakala chapati za mayai na maziwa ya soya moto mahali ambapo mimi niliongoza vikao vya kamati kuu. Nilikaa chini ya ngazi kati ya mitungi ya gesi nikichonga muhuri wa mteja, nikasikia wanavyocheka. Niliona wivu. Niliona kwamba Pi-yun ana sauti nzuri ya kuita watu, na miaka yote tisa sikumpa kipaza sauti hata mara moja.

Saa tatu na nusu palitulia. Akaja na sahani yangu, akageuza ndoo, akakaa. Alinukia vitunguu. Nikala. Akaniangalia nikila, halafu akasema, kama anayezungumzia bei ya mayai, "Zile kura tisini na saba, moja yangu."

Nikamwambia haiwezekani, muhuri wake sikuuona.

"Utauonea wapi, mzee wewe? Niligonga cha duara."

Nikauliza na uchaguzi uliopita? Huo pia. Na wa kabla yake? Huo pia. Nikamwuliza kwa nini hajaniambia miaka yote hiyo, na mimi nalala naye kitanda kimoja nikidhani nimelala na upinzani. Akasema, "Ningekwambia, si ungegombea kila mwaka?"

Nililia kidogo, nikasingizia moshi wa mafuta, ingawa jiko lilikuwa limezimwa. Akanifuta kwa aproni. Nikaona ndiyo nafasi. Nikamwuliza, miaka minne ijayo nikifikisha mia tatu, chumba kinarudi? Alicheka hadi akashikilia mtungi wa gesi. Hakusema hapana. Nimeandika kama makubaliano.

Basi ya uhakika ninayo moja. Zimebaki 299. Na sasa hivi, Pi-yun akiosha vyombo, nimeelewa tulipokosea! Muhuri haukuwa na kosa, kosa lilikuwa umbo. Mtu anapenda kugonga kilicho chake, huwezi kumpokonya. Kwa hiyo nitawachongea kilekile cha kituoni, duara lilelile, alama ileile katikati, kila mtu na chake, aende nacho mfukoni. Nani atakosea tena? Teng-fa amesikiliza hadi mwisho, akasema hakuwahi kusikia jambo kama hilo maishani mwake.

Cha kwanza kimekamilika. Hata mhesabu mwenyewe hawezi kukitofautisha na cha serikali. Nimekifunga kwenye karatasi nyekundu, ni cha Pi-yun, kwa shukrani. Nitampa akimaliza vyombo.